Picha za Harusi Mbele ya Macho ya Wenzangu

Kwa miaka minne ya mwanzo ya kazi yangu ya kupiga picha za harusi mjini Mtwara, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba picha yangu ni mbaya. Wateja walilipa, wakachukua albamu, wakashukuru. Shangazi na binamu zao walizipitisha mkono kwa mkono na kusema bi harusi ametoka vizuri, nami nikazifanya sifa zile kuwa kipimo cha kazi yangu. Nilianza mwaka 2014 nikiwa na kamera moja niliyonunua kwa mtu, pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, na ilipofika 2018 nilikuwa napiga harusi mbili kwa wiki katika msimu wa korosho, pale wakulima wanapopata malipo yao na familia zilizokuwa zinasubiri zinapanga tarehe. Sikuona sababu ya kujihesabu mwanafunzi.

Sababu niliiona Jumatatu moja jioni, katika chumba cha nyuma cha mzee mmoja aliyekuwa na studio tangu enzi za filamu. Alikuwa ameanza kutukusanya wapiga picha wachache: mimi, kijana mmoja kutoka Lindi aliyefika kila kazi ilipomleta Mtwara, fundi wa video, na dada mmoja anayehariri picha za watu wengi mjini. Jumatatu ilichaguliwa kwa sababu harusi nyingi huwa Jumamosi na Jumapili, na siku hiyo kila mtu anakuwa bado ana uchovu na kumbukumbu ya alichokifanya. Sharti la mzee lilikuwa moja, kwamba picha ziletwe zikiwa zimesafishwa kwenye karatasi. Simu, alisema, humdanganya mwenye picha, kwa kuwa kioo chake kinang'aa na kila kitu kinaonekana kidogo na kizuri, na picha iliyotumwa kwa simu huwa imeshabanwa na kupoteza nusu ya ukweli wake.

Nilipeleka picha arobaini. Niliziweka mezani kwa fahari, nikianza na ile niliyoipenda kuliko zote: bi harusi amesimama nje ya ukumbi saa saba mchana, gauni jeupe limetandazwa, anga ya bluu nyuma yake. Mzee aliishika kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na dirisha.

"Binti yangu, macho ya huyu mtoto yako wapi?"

"Haya hapa, Mzee."

"Mimi naona mashimo mawili."

Nilitazama tena na nikayaona mashimo. Nilikuwa nimeitazama picha ile pengine mara mia, nikiwa naipiga, nikiihariri na nikiichagua, na mara zote hizo nilikuwa naona gauni na anga. Macho ya bi harusi yalikuwa yamezama katika kivuli cha nyusi zake, na chini ya pua kulikuwa na kivuli kingine kilichofika mdomoni. Harusi ile ilikuwa ya Oktoba. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika wiki ya tatu ya Oktoba, na tena katika nusu ya pili ya Februari, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi, na mtu anayesimama uwanjani saa hizo humwagiwa mwanga kutoka juu tu. Msimu wetu wa harusi unaanza hasa wakati jua liko katika hali hiyo, na mimi nilikuwa nimepiga misimu minne bila kulifikiria jambo hilo hata mara moja.

Sikulala vizuri usiku ule, na nasema hivyo kwa sababu nadhani wapiga picha wengi huachia hapo hapo. Wakishasikia neno la kwanza la kuwaumiza hawarudi tena. Mimi nilirudi, na kilichonirudisha ni kwamba mzee hakuishia kwenye kosa. Siku iliyofuata alituchukua watatu hadi Mikindani, bila harusi wala mteja, na mdogo wangu wa kike akakubali kuwa bi harusi wetu wa mazoezi akiwa amejitanda kanga nyeupe. Tulifika saa sita na nusu, wakati ambao mpiga picha yeyote angesema mwanga umeharibika. Mzee alimsimamisha kwenye mlango wa nyumba ya zamani ya mawe, hatua moja tu ndani ya kivuli, akimwelekeza uso nje kwenye njia iliyokuwa inawaka jua. Ardhi ile ya kichanga na ukuta mweupe wa upande wa pili vilikuwa vinaurudisha mwanga kuelekea usoni kwake, na macho yake yakapata nukta za mwanga zinazoyafanya yaonekane hai. Tulimrudisha nyuma hatua nyingine mbili, mwanga ukapungua upesi na uso ukawa mzito; tukamsogeza mbele hadi jua likamgusa bega, bega likaungua, yaani likawa jeupe tupu kwa mwanga kuzidi. Nilielewa siku ile kwamba baraza za Mikindani, ambako watalii huja kutazama boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ni studio tuliyopewa bure. Tangu hapo, ratiba ya harusi ikinilazimisha kupiga picha mchana, kazi yangu ya kwanza nikifika ni kutafuta mlango, baraza, au mwembe wenye kivuli kipana na ardhi nyeupe mbele yake.

Kuna jambo lingine ambalo mzee alilitaja njiani tukirudi, nami nimelikumbuka kila nikiona vijana wanavyohangaika. Fukwe zetu nyingi zinatazama mashariki. Bi harusi anayeomba picha ya jua likizama baharini ameiona picha ya nchi nyingine. Kwetu jua kwa kawaida huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi, tena huzama kwa haraka, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na dakika ishirini na kitu baadaye giza limeshaingia. Ninayemweleza hivyo mapema, pamoja na kumshauri tukutane alfajiri ya siku ya pili, hukubali mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na picha hizo za asubuhi, nguo zikiwa za kawaida na nyuso zimepumzika, zimekuwa miongoni mwa kazi zangu bora.

Mikutano yenyewe ilichukua muda kupata adabu yake. Mwanzoni tulikuwa tukisifiana, kwa kuwa hatukutaka kuvunjiana heshima, na maneno kama "nzuri sana, hongera" yalizunguka mezani bila kumfaa mtu. Baadaye ukali ukazidi, hasa kutoka kwa fundi wa video, hadi kijana wa Lindi akakaa wiki kadhaa bila kuja. Mzee akaweka utaratibu ambao tunaufuata hadi leo. Mwenye picha ananyamaza kabisa. Kila mtu anaitazama picha bila kusema, kisha anataja mahali ambapo jicho lake lilikwenda kwanza, mahali lilipokwenda pili, na mahali lilipokwama. Baada ya hapo ndipo mwenye picha anasema alikuwa anakusudia kuonyesha nini. Utaratibu huu unaonekana mdogo, lakini umenifundisha zaidi ya video zote za mafunzo nilizowahi kutazama, kwa sababu unaondoa suala la kupenda au kutopenda na kuacha ukweli mmoja usio na ubishi: watu wanne wametazama chupa ya maji iliyo juu ya meza kabla ya kumtazama bwana harusi. Hapo huna la kujitetea. Chupa inang'aa, imekaa karibu na kamera, na wewe uliyekuwa na mikono miwili hukuiondoa.

Nilipohesabu makosa yangu ya mwaka ule wa kwanza katika daftari, yaliyojirudia zaidi yalihusu rangi ya ngozi. Kamera inapopima mwanga yenyewe hudhani kwamba kila kinachotazamwa, kikichanganywa pamoja, kina wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera huona weupe umezidi na kupunguza mwanga; gauni linakuwa la kijivu na uso mweusi wa bi harusi unapoteza umbo lake, mashavu na taya vikiwa doa moja la giza. Nilikuwa nimezoea kurekebisha hali hiyo kwenye kompyuta kwa kuupandisha mwanga wa uso, na nilidhani hakuna anayejua. Dada mhariri aliweka kidole juu ya shavu kwenye picha yangu na kusema, "Dada, hapa umefukua kaburi, tazama chenga." Kweli zilikuwepo, zile nukta nukta zinazoharibu picha mwanga wake unapopandishwa kwa nguvu. Siku hizi naweka mwanga mwenyewe nikipima uso, nawasha onyo la kamera linalowaka na kuzimika mahali palipoungua, na naliruhusu shela liwake hivyo kidogo pembeni maadamu nyuzi za lesi za kifuani bado zinaonekana. Napiga kwa faili ghafi (RAW), ambazo kamera haijazibana wala kuzihariri, ili nibaki na nafasi ya kurekebisha, ingawa nafasi hiyo nimejifunza kuitumia kwa uchache.

Katika kumbi tatizo lilikuwa la namna nyingine. Mafundi wetu wa mapambo hupenda kufunika dari kwa vitambaa, na nilikuwa nimesoma mahali kwamba flashi isielekezwe usoni bali juu, ili mwanga urudi ukiwa laini. Ushauri huo ni sahihi chini ya dari nyeupe. Chini ya vitambaa vya zambarau unawapaka watu wote rangi ya zambarau, na hakuna uhariri unaoweza kuiondoa rangi hiyo bila kuigeuza keki kuwa ya kijani. Nilileta picha za harusi nzima zilizopigwa hivyo. Wenzangu walinielekeza kugeuza flashi kwenye ukuta mweupe wa pembeni kama upo, na kama haupo, kuiweka mbali na kamera juu ya stendi, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Taa za bei nafuu za ukumbini nazo zilikuwa zinaniwekea mistari ya giza iliyolala kwenye picha, na nilidhani kamera yangu ni mbovu. Fundi wa video ndiye aliyenieleza, kwa kuwa kwake tatizo hilo ni la kila siku: umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na ukipiga kwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ya sekunde 1/100 au 1/50 mistari hiyo hutoweka au hupungua sana. Nilikuwa napiga kwa 1/250 nikijivunia kwamba hakuna anayetikisika.

Picha ya ukoo ilinipa somo lake pia. Watu ishirini na watano katika safu tatu, flashi kwenye kamera, nami nimesimama karibu kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa. Safu ya mbele ikaungua na wazee wa safu ya nyuma wakabaki gizani. Mwanga ukisafiri umbali maradufu, unaofika ni robo tu, kwa hiyo tofauti ya mita moja na nusu kati ya safu ni kubwa sana ukiwa karibu na ni ndogo ukiwa mbali. Tangu siku ile naomba viti vya mbele viondolewe, narudi nyuma kadiri niwezavyo, nafunga tundu la lenzi hadi f/5.6 au f/8 ili safu zote ziwe kali, na kama mwanga hautoshi naongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga. Chenga katika picha ya ukoo husameheka, lakini babu asiyeonekana hasameheki.

Haya yote ni ya vifaa, na mtu mwenye bidii anaweza kuyapata kwa njia nyingine. Yaliyonibadilisha zaidi yalihusu kile kinachotokea mbele ya kamera. Katika harusi zetu nyingi za Kiislamu, baada ya akdi bwana harusi huletwa hadi chumbani kwa bi harusi kumpa mkono. Humwekea kiganja kwenye paji la uso na kusoma dua kwa sauti ya chini. Tukio zima huchukua sekunde chache, chumba kimejaa wanawake, vigelegele vinapigwa, na mpiga picha amebanwa ukutani. Mara kadhaa nilikuwa nimelikosa, na nilichofanya ni kile kinachofanywa na karibu kila mpiga picha ninayemjua: nilimwomba bwana harusi arudie. Nilileta mezani picha moja ya namna hiyo, safi kwa mwanga na kwa mpangilio. Mzee aliitazama, akauliza, "Hii ni dua ya pili?" Sikuwa nimemwambia. Alinionyesha: macho ya bi harusi yalikuwa yamenielekea mimi, midomo ya bwana harusi ilikuwa imefumba, na wanawake waliowazunguka walikuwa tayari wanatazama kwingine kwa sababu kwao jambo lilikuwa limekwisha.

Akatusimulia habari za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, ambaye kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali, na kwa hiyo alitumia muda wake wote kumtayarisha mtu na kujitayarisha mwenyewe kabla ya kubonyeza. Mimi nilikuwa narudi nyumbani na picha elfu mbili na nimekosa dua. Sasa naingia chumbani nusu saa kabla, nauliza atapita mlango upi na ataketi au atasimama upande upi, naondoa mifuko na feni nyuma ya bi harusi, naweka mwanga sawasawa kwa kumpiga picha somo wake, yaani mwanamke anayemsimamia, akiwa ameketi mahali pale, kisha nanyamaza na kusubiri. Nikilikosa tukio, simwombi mtu arudie.

Suala la ruhusa lilijitokeza kwa sababu mimi ni mwanamke na naruhusiwa mahali ambapo wenzangu wa kiume hawafiki. Nina picha za usiku wa hina, za bi harusi akisingwa, za nywele zilizofumuliwa, ambazo zilipigwa kwa kuaminiana. Wiki za mwanzo nilizibeba zote hadi Jumatatu, na nilikuwa nimeshazipanga mezani mbele ya wanaume watatu ndipo nilipotambua nilichokuwa nafanya. Nilizikusanya na kuzirudisha kwenye bahasha, na siku iliyofuata nilikwenda kwa mhusika nikamweleza na kumwomba radhi. Alinisamehe kwa maneno machache, lakini uso wake niliuona. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vizuri wapiga picha waisome. Hata hivyo, kabla ya sheria yoyote, mwanamke aliyenifungulia mlango wa chumba chake hakuwafungulia wenzangu. Siku hizi mkataba wangu una mistari miwili tofauti, mmoja wa kukubali picha zitazamwe na wapiga picha wenzangu kwa ajili ya mafunzo, na mwingine wa picha za faragha, ambao watu wengi huukataa. Karatasi zote hukusanywa na kurudishwa kwa mwenyewe kabla hatujaondoka, na hakuna anayeruhusiwa kuzipiga picha kwa simu. Mambo ya unyago siyapigi kabisa, hata nikiombwa na mwenye shughuli.

Kwa hiyo picha za ndani zilihitaji jicho lingine, nami nikalipata kwa mama mmoja wa Magomeni aliyesimamia mabinti wengi kama kungwi. Hajawahi kushika kamera. Nilimpelekea, kwa ruhusa ya bi harusi, picha thelathini za siku moja ya harusi, nikamwomba aniambie anachokiona. Alizipanga kwenye mkeka, akazisogeza mbele na nyuma kama anayechambua mchele, kisha akauliza, "Mwanangu, mama mzazi alikuwa amesafiri?" Mama alikuwepo siku nzima. Ndiye aliyekuwa akitoka na kuingia na sinia, ndiye aliyelia nyuma ya pazia wakati binti yake anavalishwa, na katika picha thelathini alionekana mara moja tu, mgongo wake. Akaendelea: mikono yenye hina nimeipiga sana, lakini aliyeipaka hayupo, bi harusi anacheka katika kila picha, na binti anayeondoka kwao hacheki mchana kutwa. Hakuna mpiga picha kati yetu aliyewahi kuniambia jambo kama hilo, kwa sababu sote tulikuwa tunatazama kilichomo kwenye fremu, na yeye alitazama kilichokosekana.

Tangu hapo nina orodha fupi ninayoiandika kwa mkono kabla ya kila harusi, ya watu ambao hawatakuja wenyewe mbele ya kamera: mama, bibi, aliyepaka hina, jirani aliyepika, mdogo wa bi harusi anayebaki na chumba peke yake. Nawapiga wakiwa kazini, kwa lenzi ya milimita 50, karibu, bila flashi.

Mwezi uliopita nilipeleka Jumatatu picha moja kutoka kwenye harusi ya Newala, ambako asubuhi ukungu hupanda juu ya uwanda na kuufanya mwanga uwe laini kuliko wa kitambaa chochote. Mama wa bi harusi amekaa kwenye kigoda jikoni, ameegemea nguzo, ameshika kiatu kimoja cha binti yake na kukifuta kwa ncha ya kanga. Upande wa kushoto, mtoto anapita mbio na ametoka kama kivuli kilichovutwa. Kijana wa Lindi, ambaye sasa ndiye mkali wetu kwa mpangilio, alisema jicho lake lilikwenda kwa mtoto kwanza na likakwama hapo, na akashauri nimkate. Dada mhariri alisema bila mtoto yule picha inakuwa ya msiba. Mzee aliirudia mara mbili, akaiweka chini bila kutoa uamuzi. Mama wa Magomeni, nilipomwonyesha, aliuliza tu kama kile kiatu ni cha kulia au cha kushoto, na sikujua. Nimeisafisha kwa namna zote mbili, yenye mtoto na isiyo na mtoto, na zote zimebandikwa juu ya meza yangu hadi Jumatatu ijayo.